Asili ya Jina la Trelawny

SWALI: Bwana Mhariri, nimesoma kwamba Usain Bolt alizaliwa Trelawny, huko Jamaika. Jina hili limetoka wapi?

JIBU: Limetoka Cornwall, ndugu msomaji, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, ambako watu wa kale walikuwa na lugha yao wenyewe, iliyo jamaa ya Kiwelisi wala si ya Kiingereza, na ambako aila nyingi zilitwaa lakabu zao katika mashamba waliyokaa, ndiyo sababu "tre", yaani maskani, hutangulia majina kama Tremayne, Trevithick na hili ulilouliza. Aliyelipa sifa ni Askofu Jonathan Trelawny, ambaye mwaka 1688, yeye na maaskofu wenzake sita, walipinga amri ya Mfalme James wa Pili ya kusoma tangazo lake la dini makanisani, wakafungwa katika Mnara wa London, kisha, baada ya kesi yao kusikilizwa, wakatoka bila hatia, na watu wakashangilia. Ama wilaya ya Jamaika, iliyoundwa mwaka 1770, iliitwa hivyo kwa heshima ya William Trelawny, aliyekuwa gavana wa kisiwa wakati huo. Basi usidhani kila mzaliwa wake ana nasaba na aila ya Cornwall.