Somo la Mapishi: Mchunga wa Kuoka kwa Mayai na Maziwa



Mchunga humea wenyewe mashambani, lakini watoto huukataa kwa uchungu wake. Mayai na maziwa huupunguza.

Chemsha fungu moja kwa dakika 5, mwaga maji, kamua sana, kisha katakata. Maji yakibaki, chakula hakitaganda.

Piga mayai 4. Changanya na nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, chumvi na mchunga. Mimina katika bakuli la bati lililopakwa mafuta. Liweke katika sufuria yenye maji ya moto yafikayo nusu ya bakuli. Funika, tia makaa machache chini na juu ya kifuniko. Moto mkali hukata mayai, nayo ni hasara.

Baada ya dakika 40 hivi, chomeka kisu. Kikitoka safi, epua.

Makatibu, lisomeni somo hili mkutanoni.