Dondoo muhimu: Mzinga wa hewa uani? Afadhali roketi ya maji

Bunia si mahali pa kufyatua mzinga wa hewa: tangu Mei 2021 mkoa wake wa Ituri umewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kishindo kimoja hukimbiza mtaa mzima. Tena bomba la PVC la kuutengenezea ni la maji. Likijazwa hewa iliyobanwa hupasuka ghafla na kurusha vipande vyenye makali.

Kwa roketi ya maji, chukua chupa ya soda (ya maji ya kunywa ni nyembamba mno), jaza maji theluthi, ziba kwa kizibo chenye vali ya baiskeli, isimamishe kichwa chini, jaza hewa kwa pampu ya mkono. Kizibo kisigandishwe kwa gundi: presha ikizidi kichomoke chenyewe. Kompresa ya kwado (fundi wa matairi) iache barabarani. Chupa ikigoma kuruka, usiiinamie.