Halali na Safi: Chakula cha Njiani

Ndugu wanafunzi, sote twapenda urojo, mishikaki na juisi ya miwa ya Forodhani. Lakini katika Suratul-Baqara, aya ya 168, tumeamrishwa kula kilicho halali na kizuri. Basi nyama haitoshi kuchinjwa kisheria. Yapasa iwe safi pia.

Mwaka 2016 kipindupindu kilitusibu hapa Zanzibar. Serikali ilizuia kuuza vyakula na juisi njiani, na skuli zikafungwa. Kijidudu chake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, kikapita kwenye maji na mikono mpaka kinywani.

Tuzingatie haya:

1. Moto. Vijidudu huzaana upesi katika chakula kilichopoa. Mshikaki utokao motoni sasa hivi ni salama kuliko uliokaa tangu alasiri.

2. Chatini na kachumbari. Hazipikwi. Zikitengenezwa kwa maji machafu, huingiza maradhi hata katika urojo wa moto.

3. Barafu. Baridi haiui vijidudu, huvizuia kuzaana tu. Barafu ya maji yasiyochemshwa huharibu juisi nzuri.

4. Mikono na vyombo. Mkono ulioshika pesa usishike chakula. Bakuli zisioshwe katika ndoo moja jioni nzima. Na kufunika vyombo ni mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.).

Hatusemi msinunue, wauzaji ni wazee wetu, nao watafuta riziki ya halali. Twasema: tazama kwanza, kisha ule. Na ambaye mama yake anauza, amsaidie kuchemsha maji. Mwenyezi Mungu atulinde. Amin.