Kuifuata mvua ya radi nje ya Kisumu

SWALI: Mimi ni mpiga picha, naishi Kisumu. Nataka kushinda siku moja nikifuata mvua kubwa za radi nje ya mji. Niende wapi, saa ngapi?

JIBU: Asubuhi lala tu. Usiku upepo hutoka nchi kavu, na radi nyingi hupigia juu ya ziwa. Mchana mambo hugeuka. Upepo wa ziwani husukuma unyevu kuelekea mashariki hadi kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, ambako hewa hulazimika kupanda. Basi saa nane mchana uwe barabara ya Ahero–Awasi, macho kwenye milima.

Tazama kilele cha wingu. Kingo zikiwa kali na zinatutumka, bado linakua. Kilele kikitandazika bapa, limekomaa. Na upepo baridi ukikupiga ghafla usoni, mvua imekukaribia, pengine na mawe. Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe.

Sasa hesabu. Sauti husafiri kilomita 1 kwa takriban sekunde 3. Ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, picha basi: ingia ndani ya gari la bati, funga vioo. Mwembe hauokoi mtu, wala kibanda cha mabati kisicho na kuta. Bodaboda ndiyo mbaya zaidi, usiiwazie. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Na ukirudi kupitia Ahero, uangalie mto Nyando kwanza: hujaa kwa mvua iliyonyesha milimani, hata kama hapo ulipo ni pakavu.