Majeruhi Akishindwa Kusema, Nani Amsemee?

Daktari bingwa wa upasuaji wa majeruhi anajibu maswali ya wasomaji wa Morogoro.

Mwanangu aligongwa na bodaboda. Mapokezi wakadai PF3 kwanza. Ni haki?

Kama anavuja damu, si haki. PF3 ni fomu ya polisi. Daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, nayo husaidia mahakamani. Fomu haizuii damu. Aliye mahututi atibiwe, fomu ifuate: ndugu mmoja aende kituoni, mwingine abaki na mgonjwa. Ukikwama, usigombane na mlinzi. Muulizie daktari wa zamu, au mganga mfawidhi.

Pale Msamvu, hapa Morogoro, Agosti 10, 2019, watu walikuwa wakichota petroli lori la mafuta lilipolipuka. Daktari hakuwaona wakosaji?

Swali hili linaniuma. Waliokufa walizidi 100. Wengine walilazwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wengine wakapelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, karibu kilomita 190. Wapo waliokuwa wakichota, na wapo waliokuwa wakipita zao tu. Kitandani hatuulizi nani ni nani. Tunauliza nani anapumua kwa shida. Aliyevuta moto kifuani anaweza kuongea vizuri saa ya kwanza, kisha koo likavimba na kuziba, huku anayepiga kelele zaidi akiwa na nafasi ya kungoja. Anayeanza kumtibu yule aliyemhurumia, au kumchelewesha yule aliyemlaumu, anaua.

Jambo jingine ni picha. Picha za watu walioungua, wakiwa uchi, zilisambazwa kwenye simu nchi nzima. Hawakuwa na nguvu ya kukataa. Mhudumu wa afya anayepiga picha ya namna hiyo bila ridhaa amevunja siri ya mgonjwa, na sisi wenzake tuna wajibu wa kumzuia palepale.

Dada yetu alianguka huko Mgeta, milimani, tukamshusha kwa machela. Daktari akasema mguu ukatwe. Mjomba akakataa. Neno la nani lisikilizwe?

La dada yenu, maadamu ni mtu mzima na ana akili timamu. Najua kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Namwekea kiti, namwonyesha picha ya eksirei, namweleza kidonda kilivyooza na nini kitatokea tukingoja hadi kesho. Nisiharakishe maelezo haya kwa sababu foleni ni ndefu, na niyaseme kwa lugha wanayoielewa. Lakini sahihi ni ya mwenye mguu. Akikataa baada ya kuelewa, simkaripii wala simfukuzi. Naendelea kumtibu kwa yale aliyokubali.

Pesa zikiisha?

Mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, siku ya kulazwa, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Daktari naye asione haya kumpeleka mgonjwa ofisi hiyo mwenyewe.

Nikionewa, nilalamike wapi?

Anza kwa mganga mfawidhi. Usiporidhika, andikia Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina mamlaka juu ya mwenendo wa madaktari. Andika tarehe, saa, wodi na ulichoambiwa, siku hiyohiyo, na utunze nakala ya karatasi ya rufaa, kama ulihamishiwa hospitali nyingine.