Nta au silanti?

Swali: Naendesha Land Cruiser kila siku kwenye barabara za vumbi hapa Murera. Niipake nta au silanti?

Jibu: Chukua silanti, yaani kinga ya rangi ya kutengenezwa kiwandani, ndugu yangu. Nta ya karnauba, itokayo Brazili, hung'aa vizuri zaidi, lakini kwenye jua hudumu wiki chache tu. Silanti hukaa miezi kadhaa. Ila kinachoharibu rangi huko kwenu hasa ni lile vumbi la udongo mwekundu. Ukilipangusa gari likiwa kavu, unalikwaruza mwenyewe! Limwagie maji kwanza vumbi lishuke, kisha tumia shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Paka silanti kivulini, bodi ikiwa imepoa. Lakini mikwaruzo ya matawi ya njiani haizuiwi na nta wala silanti.