Somo la Mapishi: Skonzi za Magadi Soda

Leo tunajifunza kuoka skonzi nyumbani kwa jiko la mkaa. Skonzi hizi zina ngozi ya kahawia iliyokoza, na ndani ni laini. Ukiikata katikati inashika yai, nyanya au maharage bila kumegeka.

Hapa Ukonga, tangu Banana mpaka Mombasa, watu wengi huondoka alfajiri kuwahi basi. Anayefunga chakula chake nyumbani hapati shida ya kununua njiani. Na anayejua kuoka vizuri anaweza hata kuwauzia wenzake.

Upishi huu unatoka kusini mwa Ujerumani. Huko kuna mkate wenye umbo la fundo, unaitwa Brezel. Waokaji wa kule huchovya mkate mbichi katika maji yenye kostiki soda kidogo, ndipo huoka. Sisi tusijaribu! Kostiki soda ndiyo ile ya kutengenezea sabuni. Huunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Kama unatengeneza sabuni nyumbani, usiiweke kabisa karibu na unga. Sisi tutatumia magadi soda, ule unga mweupe laini wa dukani. Si magadi ya mawe ya kuchemshia maharage, wala si bekingi pauda.

Chukua unga wa ngano nusu kilo, hamira vijiko vya chai viwili, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai, na mafuta vijiko viwili vya chakula. Maji ni robo lita na kidogo zaidi.

Kwanza jaribu hamira. Hamira ni viumbe hai, vidogo mno, havionekani kwa macho. Hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua unga. Mimi niliwahi kuharibu kilo nzima ya unga kwa haraka zangu. Nilimimina maji ya moto, hamira ikafa, skonzi zikatoka ngumu kama mawe. Watoto walizila kwa chai, lakini kwa kunihurumia tu. Basi, tia kidole ndani ya maji. Yawe vuguvugu, yasikuchome. Koroga hamira na sukari humo, ngoja dakika 10. Povu likitokea, endelea. Lisipotokea, tafuta hamira nyingine kabla hujapoteza unga. Pakiti iliyokaa wazi katika joto letu la Dar es Salaam huharibika upesi.

Changanya vyote, kanda dakika 10 mpaka donge liwe nyororo. Funika. Kwa joto letu, saa moja huwa inatosha. Hata kabla ya hapo tazama kama limeumuka mara mbili. Gawanya madonge 10, yaviringe, yaache dakika 20.

Sasa chemsha maji lita moja na nusu. Tia magadi soda vijiko vinne vya chakula, kidogo kidogo, maana yanafura na kumwagika. Usitumie sufuria ya alumini, kwani magadi huila na kuitia weusi. Tumia ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Chovya kila donge nusu dakika, lichuje, liweke kwenye sinia lililopakwa mafuta. Lichanje juu kwa kisu. Magadi ndiyo yanayofanya ngozi iwe ya kahawia upesi motoni.

Jiko nalo lina kazi yake. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, ipashe moto kwanza, kisha weka sinia juu ya mchanga. Funika kwa bati, upalie mkaa juu yake. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo utaunguza chini na juu pabaki peupe. Baada ya dakika 20 gonga skonzi moja kwa chini. Ikilia kama kitu kitupu, imeiva.

Wajerumani hunyunyiza chumvi ya mawe juu kabla ya kuoka. Kwetu hewa ina unyevu, chumvi huyeyuka na ngozi hulowa. Nyunyiza zile za kuliwa siku hiyo hiyo tu.

ZOEZI
1. Kwa nini maji ya moto sana huharibu mkate?
2. Mama mmoja ameagizwa skonzi 40. Atahitaji unga kiasi gani?
3. Andika katika daftari bei unayonunulia unga, hamira, sukari, chumvi, mafuta, magadi soda na mkaa. Wengi husahau mkaa. Jumlisha, gawanya kwa 10. Je, skonzi moja imekugharimu shilingi ngapi?